Fundi Atangulia Pazia

Tulieni kidogo, jamani. Mvua nayo itulie, ikiweza;
bati la ukumbi huu wa parokia limegeuka kinywa,
na Desemba ya Tukuyu haijui kunong'ona.
Nimesukumwa mbele kwa sababu mwalimu Subilaga
amekaukiwa sauti tangu jana kwa kuhesabu,
moja, mbili, tatu, nyoosha goti, moja, mbili, tatu.
Mimi ni fundi cherehani tu. Visketi mtakavyoviona
ni jasho langu na vyandarua kumi na kimoja
(vya dukani, Bwana Mganga, si vya zahanati; usinikazie macho).

Ni ngoma, lakini ngoma hamtaiona.
Hakuna kukanyaga kwa kishindo, hakuna kifijo.
Hawa hukanyaga kama mama
anayetoka chumba alimolala mtoto.
Wala hawasemi neno. Anayengoja maneno
ayaokote kwangu sasa hivi, baadaye hayapo.

Mkesha wa Krismasi mtoto wa kike anapewa zawadi:
si gauni, si viatu. Mwanasesere wa mbao
mwenye taya la kubanjia kokwa ngumu.
Msicheke. Nani hapa hajaacha jino
kwenye makadamia ya Mwakalobo?
Usiku wanatoka panya, jeshi zima,
na panya mnawajua, waliopanda darini kwangu mwaka jana
hawakunibakizia hata gunzi.
Yule wa mbao anasimama, anapigana nao, anazidiwa,
na mtoto anavua kiatu kimoja, anamtupia mkubwa wao.
Kiatu kimoja!
Hapo ndipo nilipokubali kushona kwa mkopo.

Kisha theluji. Wa Kitulo mtaielewa upesi:
ni sakitu ya mwezi wa saba, ile inayounguza viazi,
ila hii hushuka toka juu, taratibu, bila ubaya.
Ya leo nimeichambua kwenye godoro la marehemu shangazi.

Asili yake? Mwalimu aliniandikia, karatasi imelowa.
Nikumbukavyo, Mjerumani mmoja ndiye aliyeanza,
kisa cheusi, cha kumtia mtoto homa.
Mfaransa akakiokota, akakitia sukari.
Warusi wakakipa muziki, na miguu ya kuuendea,
na usiku wa kwanza, kwenye mji wao wa baridi,
wengi walitoka wamekunja nyuso:
watoto wamezidi jukwaani, walisema.
Kikatundikwa kama nguo aliyoikataa mteja
(ninazo tatu pale dukani, mwenye nazo anajijua)
mpaka miaka ilipopita, watu wa ng'ambo wakakijaribu, kikawaenea.
Sasa Krismasi yao bila hicho haijaiva.

Kisa kilichofumuliwa na kushonwa mara zote hizo
hakitakufa kwa sindano yangu.

Nilipokuwa na miaka tisa, baba alirudi toka Mbeya mjini
na zawadi ndani ya karatasi ya sigara.
Sindano. Moja. Nililia mpaka chakula kikapoa,
wenzangu wana pipi, mimi nina kichuma.
Baba hakusema kitu. Alitoboa tundu
kwenye shati lake zima, akanipa.
Sijui kwa nini nawaambia haya,
si sehemu ya maelezo.

Mtoto wa kisa ni Tusekile, wa pale kwa wachuma chai.
Mkiona kiatu kimoja kimeziba kwa mpira wa tairi
jueni ndicho kitakachorushwa; safu ya mbele, inameni.
Umeme ukikatika msiondoke,
Gwakisa ameiingiza pikipiki, taa yake inafika hadi pembeni.

Haya. Asajile, vuta kamba.

Siyo hiyo, baba. Ile nyingine.